Uzoefu wangu wa manunuzi Valencia: asubuhi yako ipeleke Mercat Central

Kama uko Valencia, Hispania, na una asubuhi moja tu ya manunuzi, nenda Mercat Central. Nimezunguka mitaa mingine ya maduka ya mji ule, ila hakuna palipoufikia ubora wa soko hili, na sababu kubwa ni wauzaji wenyewe.

Jengo lilifunguliwa mwaka 1928: chuma, vioo na vigae vya rangi, na kuba refu linaloshusha mwanga juu ya vizimba vya matunda. Linafunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Wahi kabla ya saa nne. Baadaye watalii wanajaa na muuzaji hana nafasi ya kuongea na wewe, na humo kuongea ndiko kwenye faida.

Mstari wa foleni huuoni. Ukifika kizimbani unauliza "¿El último?", wa mwisho anajitambulisha, basi unajua unamfuata nani. Matunda huyashiki, unaonyesha, unachaguliwa. Kwa sisi tuliozoea kubonyeza embe kabla ya kulipa ni mtihani, lakini mama aliyeniuzia nyanya aliniuliza kwanza nitazila lini. Za siku ileile alinipa zilizoiva kabisa, za keshokutwa akachagua ngumu, akazifunga mifuko tofauti. Huduma ya namna hiyo supamaketi hupati. Bei iliyoandikwa ndiyo hiyo, usiombe kupunguziwa. Nyongeza ipo lakini: muuza samaki alinitilia bure kishada cha perejil, majani yanayofanana na ya giligilani.

Nilikuwa nasaka mahitaji ya paella, wali maarufu wa Kihispania. Ya Valencia yenyewe haina samaki: ni kuku, sungura, maharage mabichi ya kijani yaliyo bapa, garrofó (maharage meupe makubwa), nyanya na zafarani. Wapo wanaoongeza konokono, nao unawakuta wazima ndani ya nyavu. Mchele ni wa aina iitwayo bomba, punje fupi na nene, unaokunywa supu nyingi bila kupasuka. Usiubebe kwa ajili ya pilau, hautachambuka. Zafarani nunua ya nyuzi. Pakiti ya unga wa manjano iliyoandikwa "colorante" ni rangi tu, na bei yake inakuambia.

Mapaja ya nguruwe yametundikwa kila upande, kwa hiyo asiyekula ajiandae. Samaki wana sehemu yao, safi sana, na kuna mikunga wa kutoka ziwa la Albufera. Nyama ya halali niliipata mtaa wa Ruzafa.

Nguo? Calle Colón ina maduka makubwa yaleyale ya miji yote ya Ulaya. Nilipita, sikukawia. Plaza Redonda, kiwanja cha mviringo karibu na soko, kina lesi na nguo za kutarizi, na pale inafaa kutulia na kugusa kitambaa. Angalia saa tu, maana maduka madogo mengi hufunga kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Mercado de Colón, la mwaka 1916, ni zuri kwa macho, ila siku hizi ni mikahawa. Kaa unywe horchata, kinywaji baridi cha chufa, vijiazi vya jamii ya ndago.

Unayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, dai fomu ya kurudishiwa kodi (IVA) kwenye maduka ya nguo na zawadi. Kwa bidhaa nyingi ni asilimia 21, na tangu 2018 hakuna kiwango cha chini cha manunuzi. Uwanja wa ndege idhinisha fomu kwenye mashine ya DIVA kabla ya kukabidhi begi, kwa sababu forodha wanaweza kutaka kuona vitu vyenyewe.