India Wins Freedom ya Maulana Azad: tazama mwaka kabla ya kulipa

Kitabu hiki ni kumbukumbu za Azad, kiongozi Mwislamu wa Congress, chama kilichopigania uhuru wa India. Kina matoleo mawili na jina ni moja. La 1959 limepunguzwa, la 1988 ni kamili. Mwenye kukiagizia Dar kiletwe Tanga kwa basi ajue hilo kwanza, maana muuzaji wa vitabu vilivyotumika hatakwambia. Mara nyingi hajui. Mwombe akutumie picha mbili kwa WhatsApp: jalada, na ukurasa wenye mwaka na jina la mchapishaji. Ukiona maneno The Complete Version, lipa. Ukiona mwaka ulio kabla ya 1988, dai upunguziwe bei au achana nacho.

Kilichopunguzwa si kidogo. Azad alisimulia kwa Kiurdu, Humayun Kabir akaandika kwa Kiingereza, kisha Azad mwenyewe akapitia na kusahihisha. Kurasa kama 30 zenye kugusa watu hakutaka zitoke mapema. Zikapigwa lakiri na kuhifadhiwa Calcutta na New Delhi mpaka itimie miaka 30 tangu kufa kwake, naye alifariki 22 Februari 1958. Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wake. Katika matoleo yote mawili Azad anajuta kung'atuka uenyekiti wa Congress mwaka 1946 na kumwachia Nehru, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Kurasa zilizofichwa zinaongeza jambo la pili: kwamba, akishaamua kutogombea, alikosea kutomuunga mkono Patel, kiongozi mwingine wa Congress. Patel huyo huyo anayemlaumu vikali katika suala la kugawanywa kwa India ikatoka Pakistan! Ukiikosa sehemu hiyo unabaki na Azad mwepesi kuliko alivyokuwa.

Sehemu bora ya kitabu ni ya 1946. Mawaziri watatu wa Uingereza walifika Machi, na tarehe 16 Mei wakatoa mpango wa India moja ambayo serikali kuu yake ingeshika ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Mengine yabaki kwa majimbo, yaliyopangwa katika makundi matatu. Kwa Azad hiyo ndiyo ilikuwa dawa: Waislamu wajitawale walipo wengi, na nchi isikatwe. Msomaji wa Tanzania aliyekulia kwenye mjadala wa mambo ya Muungano atauelewa mpango huu haraka kuliko Mwingereza. Congress na Muslim League, chama cha Waislamu kilichoongozwa na Jinnah, walikubali. Tarehe 10 Julai, Nehru akawaambia waandishi wa habari Bombay kwamba Congress haijajifunga kwa lolote ila kuingia kwenye bunge la katiba. Jinnah akaondoa kukubali kwake, na tarehe 16 Agosti damu ya Wahindu na Waislamu ikamwagika Calcutta. Someni hapa polepole, kalamu mkononi, mkiandika tarehe pembeni, kwa sababu msimulizi hurukaruka na msomaji hupotea.

Usikichukue peke yake kama ushahidi. Ni kumbukumbu ya mzee mwenye kinyongo, na Rajmohan Gandhi alitoa kitabu kizima cha kuonyesha makosa yake.

Anayemtafuta Azad mwanachuoni hatashiba humu. Alizaliwa Makka mwaka 1888. Baba yake alijulikana kwa kukarabati Nahr Zubeida, mfereji uliokuwa ukiwanywesha mahujaji. Gazeti lake la 1912, Al-Hilal (ni hilali yetu hii hii ya mwezi mwandamo), limetajwa kwa ufupi mno. Hoja yake kwamba dini asili yake ni moja na zinazotofautiana ni sharia imo katika tafsiri yake ya Qur'ani, hasa maelezo ya Al-Fatiha, ambako Rabbi-l-'alamin ni Mola wa walimwengu wote, si wa kaumu moja. Tafsiri yenyewe iliishia sura ya 23. Na Abul Kalam, kwa wanaobishana barazani Ngamiani, Tanga, ni baba wa maneno. Kalamu ya kuandikia haihusiki.

Upatanishi wake unaonekana zaidi kwenye kurasa za mwisho. Januari 1948 Gandhi alifunga kula mpaka Delhi itulie, na Azad akawa mmoja wa waliopeleka masharti yake: misikiti iliyotekwa irudishwe, Waislamu watembee mjini bila hofu, na hauli ya Khwaja Qutbuddin, walii wa Delhi, ifanyike kama kila mwaka. Hauli kuwa sharti la kisiasa! Baraza lolote la kukisoma pamoja, la Waislamu, Wahindu na Wakristo, lingeanzia hapa, kisha lirudi 1946. Kuanza ukurasa wa kwanza huwachosha watu.

Kiingereza chake ni chepesi, kidato cha nne anakimudu. Ubaya ni ujalidi. Toleo la jalada laini limeshikwa kwa gundi, na joto la pwani huilegeza. Ukilikandamiza lilale wazi mezani, kurasa za katikati zinachomoka. Usilivike nailoni, hufungia unyevu na ukungu ukaota. Karatasi ya kaki inatosha. Nakala ya fotokopi kutoka steshenari ihesabu kurasa kabla ya kutoka dukani.