Kuhuisha na kufufua

Kitenzi "kuhuisha" kina asili ya Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa neno "hai", ilhali "kufufua" ni cha Kibantu: ni ndugu wa "mfu", na kiishio chake -ua hutengua jambo, kama "funga" inavyogeuka "fungua". Kwa hiyo leseni iliyobakiza siku chache huhuishwa, bali kiwanda kilichofungwa miaka mingi, mashine zikashika kutu, hufufuliwa. Anayeandika kwamba amefufua leseni anakiri, pengine bila kujua, kwamba ilikwisha kufa. Katika barua za ofisini mimi huchagua "kuhuisha", ingawa kina mtego wake: sentensi "leseni huisha kila mwaka" inasema kwamba leseni hukoma, si kwamba hufanywa upya.