Daktari wa familia au uende moja kwa moja kwa bingwa?

Hapa Moshi mtu akiumwa kidogo tu anawaza KCMC, na siwalaumu maana mabingwa wapo, ila ile ni hospitali ya rufaa ya kanda jamani, sio ya kila kikohozi.

Mama yangu ana presha na goti. Alikua anaenda kwa bingwa wa mifupa huku, wa moyo kule, kila mmoja na faili lake, akawa anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku na presha haishuki, dozi inaongezwa tu. Aliyegundua tatizo ni daktari wa familia, yule anayekuangalia mwili mzima kwa magonjwa ya kawaida, alimwambia mwaga dawa zote hapa mezani, akazipanga moja moja, akaitoa ile ya maumivu maana inapandisha presha. Akamuuliza mpaka chumvi anaweka kiasi gani kwenye kiburu, ile ndizi na maharage yetu!

Watu wanadhani huyu ni daktari aliyeshindwa kusomea ubingwa. Sio kweli, nae amesoma miaka kadhaa baada ya udaktari, shida wako wachache mno.

Goti likihitaji upasuaji nenda kwa bingwa, hakuna mjadala. Ila presha, sukari, watoto, mi naanzia kwa wa familia, yeye ndo aniandikie rufaa.