Huduma ya kusawazisha uwanja wa nyasi kwenye udongo mweusi wa Kitengela

Mwanakandarasi aliyesawazisha uwanja wa shule yetu ya msingi hapa Kitengela anastahili sifa kwa jambo ambalo wenzake wengi hawalijali: alikataa kuanza kazi kabla udongo haujawa tayari. Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi ulioenea katika nyanda za Athi hadi Isinya, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na huko kuvimba na kusinyaa kwa kila msimu ndiko kunakojaza uwanja vinundu na mabonde hata mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuchimba.

Bodi ya shule ilitaka greda liingie mara tu mvua ya masika ikatike, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakiteguka miguu mchezoni. Yeye alikuja na jembe tu, akachimba shimo la kina cha shubiri moja, akatwaa tonge la udongo na kulisokota kati ya viganja. Likatoka uzi mwembamba usiokatika. Akatueleza kwamba udongo uliolowa hivyo ukipitiwa na chuma cha greda hujisiliba, ukaziba vitundu vyote vya kupitisha maji na hewa, na nyasi zitakazopandwa juu yake zitadumaa. Aliporudi na kusokota tena, uzi ulimegeka kabla haujafikia wembamba wa milimita 3, ndipo mashine zikaletwa. Kungoja kiangazi kikali nako hakufai, kwa sababu udongo huu ukikauka kabisa huwa mabonge magumu yasiyokubali kusawazishwa.

Kazi yenyewe ilikuwa na mpangilio mzuri. Udongo wa juu wenye mizizi na mboji, kiasi cha sentimita 15, ulikwanguliwa kwanza na kurundikwa kando. Kisha vinundu vya udongo wa chini vikakatwa na kumwagwa mabondeni kwa matabaka membamba, kila tabaka likishindiliwa kwa kiasi kabla ya kuongezwa jingine, na udongo wa juu ukarudishwa mwishoni. Nimeona viwanja ambavyo kila kitu kilisukumwa kwa pamoja, udongo wenye rutuba ukazikwa na ule mbaya ukabaki juu, na hadi leo nyasi zake ni za kuokoteza.

Jambo jingine ni kwamba uwanja haukuachwa bapa. Mfinyanzi ukishavimba haunyonyi maji kwa urahisi, hivyo ni lazima yatiririke. Kwa hiyo mstari wa katikati uliinuliwa, na kutoka hapo uwanja ukateremka kwa asilimia 1 kuelekea pande zote mbili. Kwa upana wa mita 68, hiyo ni tofauti ya sentimita 34 kutoka katikati hadi pembeni. Anayecheza hauhisi mteremko huo, lakini madimbwi tuliyoyazoea hayapo tena.

Tulipopendekeza malori ya mchanga ili uchanganywe na udongo, alikataa na kutushauri tutumie samadi iliyooza. Nakubaliana naye kabisa, kwani mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi huufanya ushikamane na kuwa mgumu zaidi, na mchanga wa kutosha kuubadilisha ungegharimu kuliko uwanja mzima.

Kasoro zipo. Mtaro wa upande wa chini ulichimbwa bila kina cha kutosha na sasa tunauzibua kwa mikono. Malipo yalikuwa ya saa za mashine, zikiwemo saa za greda kusafiri, jambo ambalo halikuelezwa waziwazi mapema. Tena, baada ya mvua ya vuli, kona moja iliyojazwa sana ilititia, nasi tukaijaza wenyewe kwa sababu mkataba haukutaja marekebisho yoyote. Kutitia kwa udongo uliojazwa ni jambo la kawaida, na fundi mzoefu kama huyu alipaswa kututahadharisha. Ningemwita tena bila kusita, ila kwa bei ya kazi nzima, na kwa mkataba unaomtaka arudi kujaza palipotitia baada ya msimu mmoja wa mvua, kabla hajalipwa sehemu ya mwisho ya fedha zake.