Taa ndogo ya sola mbele ya shata iliyo wazi: uzoefu wangu

Taa ninayoieleza hapa haikutengenezwa kwa ajili ya wapiga picha. Ni ile taa ya sola ya mviringo, yenye kioo cha kuchajia mgongoni na mkono wa waya wa kuitundikia, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme na hununuliwa zaidi na wanafunzi wanaojisomea usiku na wafanyabiashara wa magengeni. Mimi huitumia kumulika mibuyu ninapoipiga picha usiku, hasa ile ya Mbuyuni, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Baada ya kuilinganisha na vyanzo vingine vya mwanga ambavyo mtu huwa navyo nyumbani, naiona ndiyo ya kwanza kutiwa mkobani.

Ubora wake unatokana na unyonge wake. Kamera ikiwa imekazwa kwenye stendi na shata, yaani pazia la ndani linaloruhusu mwanga kuingia, ikiachwa wazi kwa sekunde 20 au 30, sensa (sehemu ya kamera inayonasa mwanga) hujumlisha mwanga wote unaoingia, na mwanga mdogo unaotembezwa taratibu huenea vizuri kuliko mwanga mwingi. Tochi kali huchoma doa moja jeupe kwenye gome na kuyaacha maeneo ya pembeni yakiwa gizani. Mbuyu una mikunjo na mabonde mengi. Ukiumulika kutoka ubavuni, mbali na ilipo kamera, kila mkunjo hutupa kivuli chake na shina huonekana kwa unene wake halisi. Mmulikaji aliyevaa nguo nyeusi, asiyesimama mahali pamoja na asiyeielekeza taa kwake wala kwenye lenzi, hazuki kabisa katika picha. Jambo la kuzingatia ni umbali: tawi lililo mbali mara mbili kuliko shina hupokea robo tu ya mwanga, kwa hiyo linahitaji kumulikwa kwa muda mara nne.

Kwa lenzi ya milimita 18 kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa uitwao APS-C, nyota huanza kuvutika kuwa vistari baada ya takriban sekunde 18, kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Nikizitaka nyota zibaki nukta, hupiga kwa ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga) 1600, apecha (tundu la lenzi) 3.5 na muda usiozidi sekunde 18, na hapo hata taa hii huwa kali, nami huifunika kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichokunjwa. Mbingu zikiwa na mawingu, au nikitaka shina peke yake, hushuka hadi ISO 400 na apecha 5.6, nikaiweka kamera kwenye B, yaani mpangilio wa kuamua mwenyewe shata ifungwe lini, na kuiacha shata wazi kwa dakika moja au zaidi kwa kutumia rimoti, muda unaotosha kuuzunguka mti bila haraka.

Kasoro kubwa ya taa hii ni namna inavyopunguza mwanga. Ina viwango vitatu, na katika viwango viwili vya chini haipunguzi mkondo wa umeme, bali huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Ikisimama mahali pamoja haina madhara yoyote, lakini ikitembezwa mbele ya kamera, msitari wake hutoka umekatikakatika kama ushanga. Kwa sababu hiyo mimi huiwasha kwa kiwango cha juu daima na kupunguza ukali kwa kitambaa. Kwa kuchora mistari hewani haifai hata kwa kiwango hicho, kwa sababu uso wake ni mpana mno. Mwaka 1949, mpiga picha Gjon Mili alipompiga picha mchoraji Picasso akichora gizani, msanii huyo alishika taa ndogo ya umeme, na hadi leo kitochi kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo ndicho kinachotoa msitari mwembamba na safi.

Rangi yake ni nyeupe yenye ubaridi, yaani inayoelekea bluu, nayo hulifanya gome la mbuyu, ambalo kwa asili lina kijivu chenye wekundu kidogo, lifanane na saruji. Karatasi angavu ya pipi yenye rangi ya chungwa, ikibandikwa mbele ya taa, hurekebisha hali hiyo. Kibatari na chemli zina wekundu mzuri ajabu, wa joto la rangi (kipimo cha wekundu au ubluu wa mwanga) karibu na Kelvini 1,900, lakini moto wa kibatari huyumba kwa upepo, na mafuta ya taa karibu na nyasi kavu ni hatari nisiyoweza kumshauri mtu aikubali. Karabai hutoa mwanga mwingi na laini, ila ni nzito na haivumilii kutikiswa. Tochi ya simu ningeitumia tu pale ambapo hakuna kingine. Taa za malori yaendayo Tunduma zina uzuri wake, kwa kuwa hupaka safu nzima ya mibuyu kwa mara moja, lakini huwezi kuziambia zisimame wala zipunguze.

Chaji yake inanitosha usiku mzima ikiwa ilianikwa juani kutwa. Siku za mawingu haijai, na hakuna tundu la kuichajia kwa waya, upungufu ambao ningependa watengenezaji waurekebishe.

Niongeze neno kwa atakayekwenda kupiga picha za namna hii. Mwanga unaozunguka mbuyu usiku huwatia watu shaka, na mibuyu mingine ni mahali pa matambiko. Fika mchana, salimia wenyeji, mweleze mwenyekiti wa kitongoji unachokusudia, na ukiambiwa kwamba mti fulani hauguswi, nenda kwenye mwingine bila kubishana.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuwashie viwango vyote, kisha itazame taa kupitia kamera ya video ya simu yako: ukiona michirizi myeusi ikipita kwenye kioo cha simu, taa hiyo inawaka na kuzima. Chagua ile ambayo angalau kiwango chake cha juu hakina michirizi.