Walizima Wadjda pale pasipozimika

Nataka kiingilio changu kirudishwe, na nawaambia mapema: ukumbi huu wa Dar msiende. Sina ugomvi na viti wala sauti. Ninachogombea ni kwamba walizima filamu haijaisha, na walizima mahali pabaya kuliko pote.

Filamu yenyewe ni Wadjda ya mwongozaji mwanamke wa Saudia, Haifaa al-Mansour, iliyotoka 2012, filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudia. Siku hizo majumba ya sinema kule yalikuwa marufuku. Mama huyu, katika baadhi ya mitaa ya Riyadh, ilimbidi ajifiche ndani ya gari, awatazame waigizaji kwenye skrini ndogo na kuwaelekeza kwa simu ya upepo, kwa sababu mwanamke hakutakiwa kuonekana hadharani akiwaongoza wanaume kazini. Kuanzia kutafuta fedha mpaka filamu kukamilika ilimchukua kama miaka mitano. Ninyi mmeshindwa kumvumilia dakika chache za mwisho.

Nilikwenda na binti wa kaka yangu, umri wake ni uleule wa Wadjda, msichana wa kwenye filamu. Alishikwa tangu mwanzo. Wadjda anaitaka baiskeli ya kijani dukani, riyali 800, na watu wazima wote wanamwambia baiskeli si ya msichana. Basi anaingia mashindano ya Qurani shuleni, zawadi riyali 1,000. Anahangaika na hukumu za tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qurani, siku ya siku anasoma vizuri mno, anashinda. Mwalimu mkuu anamuuliza mbele ya watu pesa utafanyia nini, naye anajibu kweli: nanunua baiskeli. Mwalimu anakasirika, anatamka yeye mwenyewe kwamba pesa hizo zitapelekwa Palestina.

Hapo ndipo taa zikawaka. Nyuma walishaanza kuingiza maua na vitambaa vya sendofu, maana ukumbi ulikodishwa kwa watu wengine baada yetu.

Mnaelewa walichofanya? Kwa kuikata pale, msichana amesema ukweli, amenyang'anywa haki yake mbele ya umati, basi. Binti huyo wa kaka akaniuliza, "Shangazi, kwa hiyo hela wamemchukulia?" Hilo ndilo funzo alilotoka nalo, wakati mama aliyetengeneza filamu alikuwa na neno lingine kabisa la kusema, na alilihifadhi kwa dakika zile zile.

Nikamfuata kaka wa mlangoni kwa adabu. Hakunitazama hata usoni. "Dada, si mama yake anamnunulia tu? Sasa unalilia nini?" Akaniambia hivyo mtoto akisikia. Anamnunulia TU! Mama yule usiku ule ule mume wake anaoa mke wa pili. Pesa za gauni jekundu alilokuwa akilitamani ndizo zimenunua baiskeli. Wako wawili tu juu ya dari, fataki za harusi zinapasuka mbele yao. Haki za wanawake katika filamu za Haifaa hazihubiriwi jukwaani. Ziko pale, mama aliyeogopa siku zote anapochagua upande wa binti yake. Ukilifuta hilo kwa neno "tu", umeifuta filamu.

Nilivyofika nyumbani niliapa sirudi. Sasa sijui. Mtaani kwetu ni nani mwingine anayetuonyesha kazi za mwanamke kama huyu? Kabla ya Wadjda, Haifaa alishatengeneza filamu ya hali halisi kuhusu wanawake wa nchi yake, mwaka 2005, na 2019 akaja na The Perfect Candidate, ya daktari wa kike anayegombea udiwani. Aliyezichagua filamu za pale ana jicho, hilo nalikubali kabisa, na mama yule wa tiketi alitupokea vizuri. Kwa hiyo neno langu la msiende nalilegeza: nendeni, lakini kwanza ulizeni ukumbi umekodishwa kwa nani baadaye, na mpewe jibu kabla hamjatoa hela.

Kaka wa mlangoni simsamehi bado. Nimemsimulia mtoto mwisho wote na amenisikiliza, lakini anataka kumwona Wadjda akiendesha kwa macho yake. Wairudie Jumamosi yoyote asubuhi, waanzie pale jukwaani. Hicho kiingilio wabaki nacho, na kingine nitalipa.