Mkufu wa jina la Aisha kwa masonara wa Mji wa Kale: hesabu nukta kabla ya kulipa

Huduma yenyewe ni hii. Unampelekea sonara jina, analikata katika bamba la fedha au dhahabu, analitia vipete viwili, kisha analiunganisha na mkufu wa sentimita 40 au 45. Mombasa utaipata kwa namna mbili: kuna masonara wa Mji wa Kale wanaokata kwa mkono, na kuna vibanda vya katikati ya mji vinavyokata kwa mashine shaba iliyochovywa rangi ya dhahabu, ukisubiri umesimama. Hakiki hii ni ya wale wa mkono. Jina la kupimia ni Aisha, kwanza kwa sababu ni nadra kukuta ukoo wa pwani usio na Aisha, Asha, Esha au Mwanaisha, na pili kwa sababu jina hili humtesa fundi kuliko linavyoonekana likiandikwa kwenye karatasi.

Ukataji wao ni mzuri, na ulehemu pia. Kazi hulegea kabla msumeno haujashikwa. Fundi huandika alichokisikia, wala haulizi ni Aisha yupi.

Na swali hilo lina uzito. Aisha ni neno la Kiarabu, shina lake ni herufi ain, ya na shin, shina lilelile lililotupa sisi kuishi na maisha. Umbo lake ni la mtendaji wa kike: anayeishi, aliye hai. Ya ya shina ikiangukia baada ya alifu ya mtendaji hugeuka hamza, ile alama ndogo ya sauti inayokatika kooni, kama inavyotokea kwa wau katika jina Faiza, ndiyo sababu huandikwa عائشة na hamza yake katikati. Kiswahili hakikuibeba ain wala hamza. Ile ai ikabanwa: kwa wengine ikawa a, tukapata Asha, kwa wengine ikawa e, tukapata Esha. Tanguliza Mwana ya heshima upate Mwanaisha, Mwanaasha au Mwanaesha. Kule Ngazija, Komoro, huyohuyo huandikwa Moinaecha, kwa tahajia iliyopitia Kifaransa. Wote hao wanarudi kwa mtu mmoja, bibi Aisha binti Abubakari, mke wa Mtume.

Lakini Mombasa ina Asha mwingine kabisa. Kwa Wahindi, Asha ni neno la asili ya Kisanskriti, maana yake tumaini, na ndilo jina la mwimbaji Asha Bhosle. Halina undugu na Aisha, herufi za Kilatini ndizo zilizowakutanisha. Kwa hiyo anayeagiza "Asha kwa maandishi ya asili" anaweza kurudi nyumbani na kidani cha tumaini wakati bibi yake alipewa jina la uhai. Kwa upande wa chuma, huyu wa Kihindi ndiye rahisi: katika Devanagari, maandishi ya Kihindi, आशा huning'inia kwenye mstari mmoja wa juu, jina zima likawa kipande kimoja, na vipete huketi juu ya mstari huo bila ubishi. Kwa Kigujarati mambo hubadilika. Maandishi hayo hayana mstari wa juu, herufi hutengana, na fundi lazima atie kijiti chini au nyuma. Anayetaka Kigujarati aseme Kigujarati, asiseme "Kihindi" tu.

Sasa tuje kwenye Kiarabu, ambako ndiko wengi wanakotaka kwenda na ndiko kwenye kazi.

Hesabu vipande vya عائشة. Ain hushika alifu, lakini alifu haishiki herufi inayoifuata, hivyo mwili wa jina ni vipande viwili: ain na alifu upande wa kulia, kisha kiti cha hamza (jino dogo linaloibeba), shin na ta marbuta (ta ya mwisho ya kike) upande wa kushoto. Juu kuna hamza, nukta tatu za shin na nukta mbili za ta marbuta. Jumla vipande vinane visivyogusana. Kidani hakiwezi kuwa vipande vinane, kwa hiyo kila fundi lazima avunje kanuni mahali fulani. Anachokivunja ndicho kinachoonyesha kama anaijua herufi au anaijua fedha tu.

Kosa la kawaida ni kuunganisha mguu wa alifu na kiti cha hamza kwenye mstari wa chini. Kwa jicho la sonara ni daraja zuri, fupi na imara. Kwa msomaji wa Kiarabu, alifu iliyoshikana na jirani wa kushoto si alifu tena, ni herufi lamu (l), na jina limekwisha kuharibika. Daraja sahihi hukaa nyuma: waya bapa wa milimita 0.8 hivi, uliolehemiwa mgongoni mwa herufi katikati ya kimo chake, usioonekana kidani kikilala kifuani. Njia nyingine ni kulizungushia jina fremu ya yai au mwezi na kila kipande kikaishika fremu. Fremu ni imara zaidi, ila hula dhahabu.

Kosa la pili ni nukta. Nukta ya upana wa milimita moja ikilehemiwa peke yake haimalizi mwaka, hasa kwa mtu anayelala na mkufu au anayevaa buibui ya kitambaa cha kunasa. Zikianguka nukta tatu za juu, shin (sh) imekuwa sin (s). Zikianguka mbili za mwisho, ta marbuta inabaki herufi ha (h), jambo ambalo msomaji wa Kiurdu hatalishangaa kwa kuwa kwao Ayesha huishia na ha, lakini wewe hukuagiza Kiurdu. Dawa ipo ndani ya maandishi yenyewe. Omba hati ya ruqa, ile ya kuandikia barua kwa haraka. Katika ruqa nukta tatu huwa mkunjo mmoja kama paa la kibanda, nukta mbili huwa kistari kimoja, na shin hupoteza meno yake ikawa mkato mrefu. Vipande vinane vinashuka hadi vitano, ukataji wa meno unapungua, na mahali pa kushikia huongezeka. Hati ya naskhi, ile ya vitabu, inapendeza kwenye karatasi, lakini kwa kidani kidogo ni kujitafutia matengenezo.

Hamza yenyewe isiachwe ielee. Iteremshwe iguse kiti chake kwa shingo nyembamba, haitasomeka vibaya. Wapo mafundi wanaoiondoa na kutia nukta mbili za ya chini, wakapata Aysha kama linavyotamkwa mitaani huko Uarabuni. Inasomeka, lakini uambiwe kabla, si baada.

Tahadhari nyingine: usimwambie fundi aandike "Asha" kwa Kiarabu kwa kufuata sauti. Akijaribu ain, shin, alifu na hamza, amekuandikia عشاء, yaani chakula cha jioni au sala ya isha. Asha wa Kiswahili, akirudi kwenye Kiarabu, anarudi akiwa Aisha kamili.

Kwa herufi za Kilatini hawa mafundi hawana tatizo kubwa, ila tahajia huamua uimara hapa pia. Asha na Esha hazina nukta hata moja, hukatwa kipande kimoja, na ndizo zinazodumu. Aisha ina nukta ya i, ambayo iombwe ikutane na mkia wa s au iachwe kabisa kwa kuandika herufi kubwa. Msomali huandika Caasha, ile c ikisimama mahali pa ain, nayo pia haina nukta. Mturuki huandika Ayşe, na mkia ulio chini ya ş umeshikana na herufi yake tangu mwanzo, mzuri sana kwa kazi hii. Kifaransa huleta taabu: Aïcha, pamoja na Aïssatou wa Afrika Magharibi, wana nukta mbili juu ya i, na Kihausa huandika A'isha kwa alama ya juu inayoelea peke yake. Mmalei huandika sy mahali pa sh na kuongeza h mwishoni, Aisyah, kidani kikarefuka tu.

Urefu ndio unaomponza Mwanaisha. Herufi tisa kwa milimita 5 kila moja ni milimita 45, na bamba jembamba la urefu huo hupinda kwenye kifua. Hapo unene usiwe chini ya milimita 1, na vipete vikae miisho yote miwili, kamwe si kimoja katikati. Vipete viwe pia juu ya nusu ya kimo cha jina. Vikiwekwa chini, uzito hubaki juu na jina hupinduka na kuonyesha mgongo siku nzima.

Bei. Lipia uzani wa kidani kilichokwisha, si wa bamba lililoingia, kwa sababu vumbi la tupa hubaki kwenye meza ya fundi. Jina la milimita 35 kwa 10, unene wa milimita 1, ambalo herufi zimejaza kama asilimia 40 ya nafasi hiyo, litakuwa na uzani wa gramu 2 na kidogo katika dhahabu ya karati 18, na kama gramu 1.5 katika fedha, bila mkufu. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, ongeza ujira, na ujira uutaje mapema. Karati 22 ni laini mno kwa herufi nyembamba, 18 hustahimili zaidi. Muhuri uwe nyuma: 750 kwa karati 18, 875 kwa 21, 916 kwa 22, na 925 kwa fedha.

Vibanda vya mashine haviko katika mashindano haya, ila kwa neno moja: baadhi ya programu za kukatia haziunganishi herufi za Kiarabu, huzitema moja moja na wakati mwingine kwa kuanzia kushoto. Ukienda huko nenda na jina likiwa picha iliyochorwa tayari, si maandishi ya kuchapwa. Na shaba iliyochovywa, kwa jasho la Mombasa, huacha kijani shingoni.

Alama kwa masonara wa mkono: Kilatini 9 kwa 10, Devanagari 8, Kiarabu 6, na hizo 6 hupanda hadi 8 mteja akija na mchoro wa ruqa kwa ukubwa halisi na daraja la nyuma likiwa limewekewa alama. Siku ya kuchukua, kigeuze kwanza. Doa la kijivu mgongoni ni lehemu ya bati, si lehemu ya dhahabu wala ya fedha, na kidani cha namna hiyo kirudishwe hapohapo kabla pesa haijatumwa.